Jasho la viganja lilitaka kunikosesha mke Kilwa Kivinje, enzi za Mwingereza

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wenye umri wa wajukuu zangu, marahaba. Nimeitikia kabla hamjaniamkia kwa sababu nimeona humu shikamoo ni adimu.

Jana nimesoma uzi wa kijana mmoja anayesema ameacha kwenda kwenye usaili wa kazi kwa sababu viganja vyake vinatoka jasho mpaka vinadondoka. Nikashuka chini kusoma comments. Mmoja kamwambia amerogwa. Mwingine kamwambia ni dhambi za siri. Mwingine kamwambia anywe maji ya betiruti.

Nikasema hapana, leo naandika.

Haya nitakayoyasema yamenipata mimi, mwili huu huu. Na mke wangu amekaa hapa ubavuni, kila sentensi lazima nimsomee kwa sauti, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi sina nafasi. Ameshanikatiza na bado sijaanza.

Nimekaribia miaka tisini. Naandika kwa kidole kimoja. Mjukuu wangu Rehema ndiye aliyenifungulia ID, akanionya nikate aya ziwe fupi, la sivyo mtasema nimeleta gazeti.

Basi tuanze.

Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Nimezaliwa hapo na nimekulia hapo, wakati huo nchi ikiitwa Tanganyika na bendera ya Mwingereza ikipepea pale bomani.

Tangu nilipopata akili, viganja vyangu vilikuwa vinatoka maji. Sisemi unyevunyevu, nasema maji. Nikikunja ngumi, matone yanapita katikati ya vidole.

Chuoni, yaani madrasa, mwalimu alikuwa akituandikia aya kwenye ubao kwa wino, mtoto unaushika unasoma. Wenzangu wanafuta ubao wakishahifadhi. Wangu ulijifuta wenyewe kabla sijafika katikati. Mwalimu alidhani nafanya makusudi ili nisisome. Nilichapwa sana kwa ajili ya wino ule, Mungu amrehemu.

Miguu nayo hivyo hivyo. Nikivaa makubadhi, mguu unateleza mbele, kiatu kinabaki nyuma. Niliacha kuvaa, nikawa natembea pekupeku na watu wakasema nina unyenyekevu.

Msidhani ni joto la pwani. Hata kipupwe, watu wamejifunika shuka asubuhi wanatetemeka, mimi viganja vinamwagika. Joto lilikuwa linaongeza tu. Kilichokuwa kinaniua hasa ni kuwaza. Nikiwaza kwamba mtu atanishika mkono, basi, kisima kimefunguka.

Na Kisima ndilo jina walilonipa vijana wenzangu. "Kisima, njoo tunawe." Nikawa nacheka nao, utafanyaje.

Sasa angalieni kazi niliyoipata. Ushonaji.

Fundi Salehe, rafiki wa marehemu baba, alinichukua kwenye baraza yake ya cherehani. Alisema nina jicho la kukata nguo, na kweli nilikuwa nalo. Lakini bafta nyeupe ya kanzu ukiishika kwa mkono uliolowa, alama inabaki. Sindano zangu zilishika kutu kuliko sindano za fundi mwingine yeyote pwani nzima.

Fundi Salehe hakunifukuza. Alinipa bakuli la unga wa chaki ya kushonea. "Kabla hujagusa nguo, chovya." Nikawa nachovya. Mikono myeupe kutwa kama mpiga chokaa. Ulisaidia kidogo, kwa muda mfupi.

Hapo barazani ndipo alipotokea Somoe.

(Ndiye huyu aliyekaa ubavuni. Anasema niandike kwamba hakutokea, alitumwa.)

Haya, alitumwa na mama yake, kuleta leso kupindwa. Akaleta na mara nyingine. Halafu siku moja akaja na leso ambayo nilishaipinda.

"Fundi, pindo hili limekwenda upande."

Nikalitazama. "Halijaenda upande."

"Najua. Nimekuja kukuuliza tu."

Wakuu, nilichovya chaki mara ngapi siku ile, sikumbuki. Bakuli lilikuwa uji.

Mama akaniona nilivyo, akauliza, akaambiwa na watu. Akampeleka mshenga. Majibu yakarudi mazuri: mahari yakapangwa, na siku ikapangwa, baada ya mavuno ya ufuta. Nilikuwa natembea mjini kama mtu aliyeinuliwa kwa kamba. Nacheka peke yangu. Fundi Salehe akawa ananiuliza kama nina homa.

Furaha hiyo ilidumu mpaka baba yake Somoe alipokuja kupimwa kanzu ya harusi.

Mzee Mfaume alikuwa mfanyabiashara wa mbata na ufuta. Asili yake Songo Mnara, ila alihamia Kivinje zamani. Mrefu, mkimya, ndevu zimechongwa vizuri. Watu walimheshimu kwa sababu neno lake lilikuwa neno. Na alikuwa na tabia moja iliyojulikana mji mzima isipokuwa kwangu mimi: hapatani na mtu mpaka amshike mkono, na akiuona mkono umelowa, haendelei.

Nililijua hilo siku hiyo hiyo, akiwa amesimama mbele yangu nampima mabega.

Alikuwa akizungumza na Fundi Salehe. Akasema, "Kuna mtu wa Lindi alitaka tushirikiane ufuta. Maneno mazuri, sura nzuri. Nikampa mkono, nikakuta umelowa. Nikamwambia asante, nenda salama."

Fundi Salehe akauliza, "Kwa sababu ya mkono tu?"

"Mtu akinipa mkono uliolowa najua ana jambo moyoni. Ama anaogopa, ama anadanganya. Wote wawili siwataki karibu na mali yangu."

Halafu akageuka akanitazama mimi. "Wala karibu na wanangu."

Nilikuwa na tepu shingoni, pini mdomoni, chaki mpaka kwenye viwiko. Nikaitikia kwa kichwa. Alipomaliza kupimwa akaninyooshea mkono wa kuagana. Nikainua viganja vyote viwili kumwonyesha chaki, nikasema kwa pini zangu mdomoni, "Nitakuchafua, baba."

Akacheka kidogo. "Kijana wa kazi." Akaondoka.

Nikakaa chini. Fundi Salehe akaendelea kukanyaga cherehani, halafu akasema bila kunitazama, "Unajua siku ya nikahi, anayekushika mkono ni nani?"

Nilikuwa nimesahau kabisa.

Kwa wale wasiojua mila zetu: wakati wa kufunga ndoa, baba wa binti na bwana harusi wanashikana mikono ya kulia mbele ya watu. Wamebanana hivyo hivyo baba anatamka kwamba amemwoza binti yake, na kijana anatamka kwamba amekubali. Si salamu ya kupita. Ni mkono ndani ya mkono, watu kimya, kila jicho liko hapo.

Viganja vyangu vilianza kudondosha juu ya sakafu. Fundi Salehe akasogeza bafta pembeni.

Samahani wakuu, simu ilizima chaji. Nimerudi.

Nikaanza kutafuta dawa.

Mama alinifukiza mikono kwa udi na ubani, kutwa natembea nanukia kama chumba cha bibi harusi, maji yako pale pale. Rafiki yangu Mbaraka akaniambia nipake unga wa muhogo. Nikapaka nikaenda kuzungumza barazani. Unga ukakutana na jasho, nikajikuta nimeshika ugali mbichi, na kuku wananifuata nyuma.

Mtu wa Njinjo aliyekuja kuuza mahindi akaniambia nisugue shabu, lile jiwe jeupe la kinyozi. Hiyo ilikausha kidogo, nisiwadanganye. Lakini nilisugua kwa pupa mpaka ngozi ikapasuka, ikawa inauma na bado inalowa.

Mwisho nikaenda zahanati.

Pale kulikuwa na dresa, ndivyo tulivyowaita wale wauguzi wa zamani waliokuwa wakisafisha vidonda na kutoa dawa. Mtu mpole wa kutoka Nyangamara, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimwera. Nilikaa kwenye benchi na watoto wenye vidonda na bibi mmoja mwenye jicho linalouma, zamu yangu ilipofika nikaweka mikono mezani. Ikaacha madimbwi.

Akayatazama yale madimbwi kwa furaha, kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Tangu lini?"

"Tangu utoto."

"Unakonda? Una homa? Unakohoa?"

"Hapana."

"Nyumbani yupo mwingine mwenye hali hii?"

Nikamwambia marehemu baba alikuwa akifunga kitambaa kwenye mpini wa jembe, sijui kwa nini. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu.

"Na ukilala usingizi, mikono inalowa?"

Hilo sikulijua. Nimelala, nitajuaje?

Akasema, "Nenda kaangaliwe. Urudi uniambie."

Basi nikarudi nyumbani, nikamwambia mama, mama akachukua jambo hilo kwa uzito wote. Mchana baada ya kula akanilaza mkekani, akakaa kando ananipepea. Nikawa silali, kwa sababu mtu ukitazamwa hulali. Nikifumbua jicho namwona ananitazama. "Lala wewe, nataka kushika." Tukacheka mpaka usingizi ukakimbia. Siku ya pili nikachoka kwa kushona, nikalala kweli, na nikaamshwa na kelele za mama anaita majirani.

"Mikavu! Njooni mshike, mikavu!"

Nilifumbua macho nikakuta akina mama wa jirani wamenizunguka, kila mmoja anagusa kiganja changu. Na nilipowaona tu, viganja vikalowa mbele ya macho yao. Mmoja akaufuta mkono wake kwenye kanga, akasema, "Subhanallah, kumbe yanasikia."

Na yule mama alisema kweli kuliko alivyojua. Niliporudi kwa dresa akanieleza kwa maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo.

Akasema kwenye ngozi kuna vitezi vidogo vya jasho, na vimejaa zaidi viganjani, nyayoni na makwapani. Vinapokea amri kutoka kwenye mishipa ya fahamu. Kwa watu wengi amri inakuja mwili ukipata joto, au mtu akishtuka. Kwa baadhi yetu, amri inakuja kwa jambo dogo na kwa nguvu kupita kiasi. Ukilala, amri zinanyamaza, ndiyo maana mikono inakauka.

"Kwa hiyo mimi mwoga?" nikamuuliza.

"Wewe una vitezi vinavyotii mno. Uoga ni jambo jingine. Yupo simba mwenye pua yenye unyevu, utamwita mwoga?"

"Na mwongo?"

Akanishangaa. "Nani kakwambia hilo?"

Nikamsimulia habari za Mzee Mfaume. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea kiti. "Dawa nzuri kuliko zote, nenda ukamwambie mkweo kabla ya siku."

Nikasema hiyo sitaweza.

"Basi kuna dawa za kukaza ngozi, kwetu hapa hazijafika. Wengine huloweka mikono kwenye chai kali ya rangi. Kuna kitu kwenye majani yale kinakaza vitundu vya jasho. Loweka kidogo kila siku, uone."

Wakuu, nilitoka zahanati narukaruka. Si kwa ajili ya chai. Ni kwa kuambiwa kwamba sikurogwa, si mwoga, si mwongo, nina vitezi vitiifu. Nilimsimamisha kila niliyemjua njiani nikamweleza habari za vitezi.

Chai ikasaidia. Viganja vikawa vinalowa taratibu zaidi. Tatizo likawa mama.

"Hii chai yote unainywa kwa mikono?"

Majani yaliisha. Harusi imekaribia. Nikamweleza Mbaraka, ambaye alikuwa kibarua wa magome ya mkandaa, ule mkoko wenye maganda mekundu. Magome hayo yalikuwa yakikusanywa na kupakiwa melini kwenda kwa watengeneza ngozi huko nje.

Mbaraka akanionyesha viganja vyake. Vikavu, vigumu kama soli. "Mimi sijatoka jasho la mkono tangu nianze kazi hii. Kama chai inakaza ngozi ya mtu, mkandaa unakaza ngozi ya ng'ombe."

Sikuona kasoro yoyote katika maneno hayo. Nilikuwa na haraka ya kuoa.

Tukachemsha gome kwenye debe. Maji yakawa mekundu, mazito, yanakamata ulimi ukionja. Yalipopoa nikatumbukiza mikono mpaka juu ya vifundo, nikakaa hapo tunapiga hadithi. Mbaraka akasema ukikaa zaidi ndiyo unapona zaidi. Nikakaa zaidi.

Nilipoitoa, ilikuwa mikavu.

Mikavu kabisa. Nikakunja ngumi, hakuna kitu. Nikawaza harusi, nikamuwaza Mzee Mfaume, nikawaza mkono wake kabisa, hakuna kitu. Nikamkumbatia Mbaraka. Tukacheza pale uwanjani, wawili, bila ngoma.

Mbaraka ndiye aliyeacha kucheza kwanza. "Hebu simama juani."

Mikono yangu ilikuwa myekundu. Wekundu wa hina. Umekoza kuanzia kucha mpaka juu ya kifundo, umekatika mstari ulionyooka kama nimevaa glovu.

Nikasugua kwa sabuni. Nikasugua kwa ndimu, kwa mchanga, kwa majivu, kwa mafuta ya nazi. Rangi ikazidi kung'aa, ikapendeza.

Sasa, bwana harusi wa kwetu kupaka hina ya kidole kimoja kwa furaha, hilo lilikuwepo. Lakini mpaka kifundoni, ya kukoza namna ile, hiyo ni ya bibi harusi. Mama aliponiona alikaa chini, akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Habari ilizunguka mji kabla sijafika barazani. Shangazi yake Somoe akaja kwa Fundi Salehe kwa kisingizio cha kununua uzi, akasimama akitazama mikono yangu kwa makini ya mtu anayekagua kazi ya mwenzake. "Imekoza," akasema. "Nani kakupaka?"

Jioni wanawake wakiwa katika kupamba nyumba ya harusi wakatunga wimbo, sauti zinavuka mpaka kwetu: bwana harusi kajipamba, bibi harusi atangoja zamu.

(Mke wangu anacheka hapa mpaka anakohoa. Anasema yeye ndiye aliyeanzisha, kutokea chumbani. Nimejua leo.)

Na Mzee Mfaume? Hakuleta neno. Mama akamtuma mtu kwa hila akaulize kama mambo yote ni sawa. Jibu likarudi, "Mwambieni tutaonana msikitini."

Maneno hayo niliyageuza kila upande. Sikuona upande wenye kheri.

Siku ikafika. Tulisali alasiri, nikakalishwa mbele, kanzu nyeupe niliyoishona mwenyewe, joho la kuazima, kilemba, na mikono miwili myekundu juu ya mapaja. Hakuna pa kuificha. Vijana nyuma yangu nilikuwa nawasikia pumzi zinavyowatoka puani, wanabana kicheko.

Lakini mikavu. Hilo ndilo nililokuwa nalishika. Wacheke, ila mikavu.

Mzee Mfaume akaja akaketi mbele yangu, magoti yakagusana. Kanzu yake ilimkaa vizuri, hata katika dhiki ile niliona. Sikuthubutu kutazama uso. Kadhi akasoma hotuba, akamaliza, akasema tupeane mikono.

Nikatoa wangu. Watu wakausogelea kwa macho. Mzee Mfaume akautazama ule wekundu, akaushika.

Mkono wake ulikuwa umelowa chapachapa.

Sikuelewa kwanza. Nilidhani ni wangu, dawa imeniangusha mbele ya watu. Nikabana kidogo kuhakikisha. Hapana. Wangu ulikuwa mkavu kama gome. Maji yalikuwa yanatoka kwake, ya uvuguvugu, yanapita katikati ya vidole vyetu na kushuka kwenye pindo la mkono wa kanzu.

Nikainua macho. Mzee Mfaume, ambaye hakuwahi kuonekana akibabaika sokoni, midomo ilikuwa inamtetemeka. Alikuwa na binti mmoja tu, Somoe. Wengine wote wanaume.

Tulitazamana. Akajua kwamba nimejua.

Akasogea mbele kama mtu anayerekebisha kikao, akaninong'oneza, "Usicheke."

Laiti asingesema. Wakuu, kicheko kilinipanda kutoka tumboni. Nikauma meno. Kadhi akamwambia atamke. Akatamka, "Nimekuoza mwanangu Somoe kwa mahari tuliyopatana," na sauti yake ikakatika pale kwenye mwanangu, ikabidi aanze tena. Ikawa zamu yangu.

Nikafungua mdomo, ikatoka hewa.

Kadhi akanitazama. Nikawaza mambo ya huzuni, nikawaza kaburi la baba, na bado mabega yanatikisika. Mzee Mfaume akanibana mkono kwa nguvu, na yeye kidevu kimeanza kumcheza. Nikaona kwamba tukichelewa, sote wawili tutaangua kicheko mbele ya kadhi na ndoa itakuwa hadithi ya mji.

Nikasema kwa pumzi moja, "Nimekubali kumuoa Somoe kwa mahari tuliyopatana."

Kadhi akataka nirudie, polepole. Nikarudia machozi yananitoka. Watu wakasema mashaallah, kijana ana moyo laini.

Mzee Mfaume hakuuachia mkono wangu upesi. Dua ilisomwa mpaka mwisho, na sisi bado tumeshikana.

Baadaye, wali umeshaliwa, akaniita pembeni ya nyumba. Akafuta viganja kwenye kanzu yake, akavitazama kama si vyake.

"Sikuwa naogopa," akasema. "Wala sikuwa nadanganya."

"Najua, baba."

"Nilikuwa namtoa mwanangu."

Hapo ndipo nilipomwambia yote. Kisima, chaki, pini mdomoni, chai ya mama, debe la mkandaa. Nikamweleza na vitezi vya yule dresa. Alisikiliza kwa utaratibu wake. Nilipofika kwenye unga wa muhogo na kuku akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Kisha akauachia ukuta. "Yule mtu wa Lindi," akasema, "huenda nilimwonea."

Alimtafuta, wakuu. Ilichukua muda lakini alimpata, wakafanya biashara ya ufuta pamoja mpaka mmoja wao alipokufa. Nasikia kila wakikutana walikuwa wanapeana mkono na kuulizana, leo nani kalowa.

Na Somoe? Nilipokaa naye, nikamwambia kwa aibu kwamba wekundu huu ukitoka, maji yatarudi. Akasema, "Kila leso uliyonipindia ilikuwa na alama ya kiganja chako. Ungekauka ningefikiri kanipindia mtu mwingine."

Wekundu ulitoka baada ya muda, na maji yakarudi kama nilivyosema. Nikaendelea kushona na bakuli langu la chaki, tukazaa, tukalea.

Sasa nije kwenye faida, maana najua kuna watu wameruka kuja hapa chini.

Kwanza, msiige debe la mkandaa. Nilibahatika. Ngozi yangu ilipasuka wiki ile ya fungate na nikapakwa mafuta kama kiatu.

Pili, hali hii ina matibabu siku hizi. Mjukuu wangu Rehema ameirithi, ndiyo, inatembea kwenye damu. Nilimpeleka mwenyewe hospitali. Daktari alimuuliza maswali yale yale ya dresa wangu, nikajikuta najibu kabla yake. Akapewa dawa ya kupaka yenye chumvi ya alumini, anapaka wakati wa kulala mikono ikiwa mikavu, ananawa asubuhi. Ikimwasha anapumzika siku moja moja. Amepata nafuu kubwa.

Daktari alisema wasiopata nafuu wapo wanaowekwa mikono kwenye maji yenye umeme mdogo, wapo wanaopewa vidonge, wapo wanaochomwa sindano za kutuliza vitezi. Upasuaji upo pia, ila jasho linaweza kuhamia mgongoni au tumboni, kwa hiyo hauwi wa kwanza. Hayo yote ni ya daktari, si ya kununua tu dukani.

Na hili mlishike sana. Kama jasho limekuanza ukubwani ghafla, la mwili mzima, au linakulowesha usingizini, au una homa, unakonda, unakohoa, moyo unaenda mbio, hiyo si habari yangu mimi. Inaweza kuwa kifua kikuu, tezi ya shingo, sukari, au dawa unazotumia. Nenda ukapimwe mapema.

Funzo nililolipata ni kwamba nilimwogopa mtu kwa miezi, na dresa alikuwa ameshaniambia dawa yake: nenda kamwambie. Ningemwambia tungecheka mapema zaidi. Ila mke wangu anasema ningemwambia mapema tusingekuwa na harusi ya kusimulia, na nimeona hapo ana haki.

Wenye hali hii karibuni mseme, msijifiche. Mlitumia nini, kikasaidia au kikawapaka rangi? Madaktari mliomo humu nirekebisheni nilipokosea. Wenye kucheka, chekeni, mimi nimeshacheka.

Uzeeni jasho limenipungua sana, lakini leo kwa kuukumbuka mkono wa baba mkwe limerudi lote. Kioo cha simu kimelowa, nagusa herufi hii inaandika ile, Rehema anakifuta kwa kanga ya bibi yake na wote wawili wananicheka, kwa hiyo naomba niishie hap